Udongo wa Uani kwa Asta

Asta Tranholm anaishi peke yake katika nyumba ya matofali mekundu mkabala na kwangu, kwenye mji wetu mdogo katika rasi ya Jutland. Zamani marehemu mumewe, Børge, alikuwa na duka la dobi hapo chini, akisafisha suti na makoti kwa dawa. Dawa ikishatumika aliimwaga uani, kama walivyofanya madobi wengine enzi hizo, nayo ikazama ardhini. Børge alikuwa ameshazikwa wapimaji wa udongo walipoigundua. Tangu hapo nyumba ikawa haiuziki.

Mwanawe wa pekee, Jeppe, anaishi na familia yake jijini Aarhus. Kila akipiga simu alimwambia mama yake kwamba udongo ukisafishwa tu, auze, ahamie karibu nao, awaone wajukuu wakikua. Asta alinisimulia hayo mara nyingi, huku akitabasamu.

Hatimaye serikali ya mkoa ikaleta mafundi. Walizamisha mabomba ya chuma uani wakayapitishia umeme, mpaka udongo ukawa wa moto kama maji yanayochemka. Sumu ilipanda kama mvuke, mashine ikaivuta, ikanaswa kwenye mapipa ya mkaa. Majira yote ya baridi theluji haikukaa pale uani, na paka wa mtaa mzima walihamia ukingoni mwa ua wake.

Na watu pia walihamia, kwa namna yao. Kiongozi wa mafundi, Villum, aliingia jikoni kwa Asta kila asubuhi kunywa kahawa, na wenzake wakamfuata. Asta akaanza tena kuoka keki za mdalasini. Akajua nani hapendi maziwa, na mke wa nani ana mimba. Nikipita nje nilimsikia akicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu mazishi.

Siku moja Villum akamwambia kona moja bado ina sumu, itabidi waendelee kupasha moto hadi baada ya Pasaka.

"Pole, Bi Asta. Utazivumilia tena kelele zetu."

"Msiharakishe," alijibu. "Kazi ya kulipualipua siitaki uani kwangu."

Baadaye aliniambia kwamba alifurahi, kisha akaona aibu kufurahia sumu.

Lakini kona ile nayo ikasafika. Waling'oa mabomba, wakamwaga udongo mpya juu, wakamkumbatia mmoja mmoja. "Sasa huna kisingizio cha kutohama," Villum alimtania, akapanda gari. Walikuwa na kazi nyingine mji wa mbali.

Jumapili iliyofuata Jeppe alikuja na mkewe. Asta alichoma nyama ya nguruwe, akapika na kabichi nyekundu. Walipomaliza kula alisema, "Nilikuwa nafikiria kumwita dalali."

Jeppe alimtazama mkewe, ambaye alikuwa akikunja kitambaa cha mezani.

"Tusikimbilie, mama. Kule kwetu nafasi ni shida, sisi wenyewe tumebanana. Na hapa umeshazoea."

"Ndiyo," alisema Asta. "Nimezoea."

Akainuka kwenda kuwaletea kahawa.

Aliponisimulia, hakulia wala hakumsema vibaya mwanawe. Alisema Jeppe hakuwa akimdanganya miaka yote ile; ni kwamba lilikuwa jambo jepesi kulisema wakati lilikuwa haliwezekani. Nilimkaribisha chakula cha jioni. Akanishukuru, akasema siku nyingine.

Majira ya kuchipua alipanda viazi pale uani. Vilizaa sana, vingi mno kwa mtu mmoja. Akajaza ndoo, akaiweka kando ya barabara na kibao: chukueni, udongo ni safi. Kisha akakaa dirishani. Nilimwona pale kutwa nzima, amevaa gauni lake zuri la buluu. Watu walisimamisha baiskeli, wakasoma kibao, wakajaza mifuko. Kufikia jioni ndoo ilikuwa tupu, na hakuna aliyegonga mlango.