Kanyaga, Shikilia, Achia

Jumamosi iliyopita, ndugu yangu, nililia mbele ya jirani kwa sababu ya breki.

Nilikuwa uani kwangu hapa Ihumwa, nimepiga magoti nyuma ya Pijo la marehemu baba, lile pikapu kuukuu ambalo kila anayeliona ananishauri niliuze kama chuma chakavu. Nilikuwa natoa upepo kwenye breki. Upepo ukiingia kwenye mabomba ya mafuta ya breki, pedali inazama tu chini ya mguu na gari halisimami, kwa hiyo sharti uufukuze wote, gurudumu moja baada ya jingine. Kwa kawaida ni kazi ya watu wawili. Mimi nilikuwa na kipande cha mpira mwembamba na chupa ya soda yenye mafuta kidogo, nafanya peke yangu. Treni ya umeme ikapita, na ilipotokomea nikasikia sauti ya jirani juu ya ukuta: "Sasa dada yangu, si ungeniita nije nikukanyagie?"

Nikamjibu nimezoea. Halafu nikakaa juu ya tairi la akiba, na machozi yakaanza kunitoka bila breki. Yule baba wa watu akadhani mafuta yameniingia machoni, akakimbia kuniletea maji. Nikanawa, nikamshukuru. Ningemwelezaje? Ila wewe nitakueleza.

Tulikuwa tunakaa Mpwapwa, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma yenye ua mpana wa vumbi. Baba alikuwa akishusha maharage na vitunguu kutoka milima ya Kibakwe. Barabara ile we acha tu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili unaona vilele vya miti. Na Pijo lilikuwa limezeeka tangu enzi hizo. Gurudumu moja la nyuma mipira ya ndani ya breki yake ilishachoka, spea haipatikani, hivyo kila baada ya muda upepo uliingia tena, na baba akatangaza kwamba kesho haendi popote.

Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya watu watatu. Baba alikuwa chini ya gari na spana yake. Mimi nilisimama mbele, boneti wazi, na kopo la mafuta, nikichunga yasiishe kwenye kitangi chake, kwani yakiisha upepo unaingia upya na mnarudi mwanzo. Mama ndiye aliyekaa kwenye usukani. Hakukanyaga breki na kandambili hata siku moja, alisema zinamzuia kuisikia pedali. Alizivua, akazipanga vizuri chini kando ya mlango, akapanda peku, mikono bado inanuka vitunguu vya jikoni.

"Kanyaga!" baba aliita kutoka chini.

"Nimekanyaga!"

"Shikilia hapohapo!"

"Nimeshikilia!"

Baba alilegeza nati, mafuta yakatoka na mapovu, akakaza. "Achia!"

"Nimeachia!"

Hivyo hivyo asubuhi nzima, sauti mbili zikijibizana, hata kuku walishazizoea.

Sasa nikuambie jambo. Mama alikuwa Mrangi wa Kondoa, baba Mgogo wa hapohapo Mpwapwa, na wote wawili walikuwa mabingwa wa kununa. Wakinuniana, mimi ndiye tarishi. "Mwambie baba yako ugali uko mezani." Baba yuko pale pale, amesikia vizuri, lakini anamngoja tarishi amfikishie. Bibi, mama yake baba, alikuwa akichambua mlenda na kucheka peke yake. "Waache," alininong'oneza. "Breki zitawasemesha."

Na kweli zilikuwa zinawasemesha. Kwenye gurudumu la kwanza sauti zao zilikuwa kavu kama za mahakamani. Kwenye la pili zilianza kulainika. Kufika la tatu utamsikia mama, "Na wewe huko chini, hata chai hujanywa," na la nne likiisha baba anatoka uvunguni kichwa chote vumbi, mama anampangusa kwa ncha ya kanga huku akimcheka. Nadhani nilikuwa mtoto pekee Mpwapwa nzima aliyemwomba Mungu breki za baba yake zilegee, ila zilegee akiwa nyumbani, siyo mlimani.

Siku moja zililegea mlimani. Na siku hiyo ndiyo habari ilikuja kutoka Kondoa kwamba babu, baba yake mama, amefariki. Mama alifunga kibegi chake, akakaa kizingitini kumngoja baba ampeleke. Baba hakutokea, alikuwa bado milimani Kibakwe, anatambaa kushuka kwa gia. Mama akapanda basi, akafika wameshazika.

Aliporudi hakupiga kelele. Alisema maneno machache tu, baba amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Kila siku nakukanyagia breki zako kama utingo wako. Siku moja tu nimekuhitaji. Mimi siyo utingo wako." Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyovijua, na hata bibi aliacha kucheka. Mimi kazi yangu ikawa moja, kungoja upepo uingie kwenye breki. Kila nikitoka shule nilipanda kwenye Pijo na kuibonyeza pedali kwa mkono kuona kama imeanza kuzama.

Hatimaye ikazama. Asubuhi ile niliamshwa na mlio wa jeki uani, nikatoka mbio na kopo langu. Mama naye alikuwa ameusikia mlio. Alitoka jikoni akijifuta mikono, hakungoja kuitwa, akaja moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa gari, akavua kandambili.

Kwenye kiti alikuwa amekaa baba. Alikuwa anakanyaga na kuachia mwenyewe. Kule nyuma, kwenye gurudumu, mpira mwembamba ulitoka kwenye nati na kuingia kwenye chupa ya soda iliyofungwa kwa waya, ncha yake imezama kwenye mafuta, ili mguu ukiachia yarudi mafuta, usirudi upepo. Baba akamtazama mama, akatabasamu. Hakusema neno, maana walikuwa bado hawasemeshani. Mama aliitazama chupa, akamtazama yeye, akageuka na kurudi ndani peku. Kandambili nikazibeba mimi nyuma yake. "Ziweke hapo," aliniambia, bila kugeuka.

Wiki ile ile alikwenda Kondoa, akasema anamtunza bibi wa kule aliyebaki mjane. Hakurudi. Mimi nilimfuata likizo kwa likizo, nikakua nikiwa na wazazi wawili katika wilaya mbili, na moyoni nilimchukia baba kwa lile tabasamu.

Mwaka jana, baba akiwa mgonjwa kwangu hapa, nilimuuliza kuhusu tabasamu lile. Akasema, "Si alisema amechoka kuwa utingo? Nikaenda mjini kwa fundi anifundishe kufanya peke yangu, ili yeye apumzike. Nilikuwa namwonyesha. Nilijua atafurahi." Akageukia ukutani. "Mwanangu, nilikuwa naomba msamaha."

Mwezi haukuisha tukamzika Mpwapwa. Mama alikuja. Alikaa mkekani na wanawake wenzake, mzee sasa, na watu walipopungua nikaenda kumwambia yote. Alinisikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Pijo lilikuwa palepale uani, vumbi tele.

"Angeniita tu," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshavua kandambili."

Basi. Hakulia mbele yangu. Alirudi Kondoa na basi la asubuhi.

Nyumba ya Mpwapwa ina watu wengine siku hizi, wameweka sakafu uani. Bibi hayupo, baba hayupo, na mama nikimpigia simu tunaongea habari za mvua. Ninachokitamani si kikubwa. Ningependa nisimame tena mbele ya boneti na kopo langu, nisikie mmoja anaita na mwingine anaitika, hata kama wamenuna.

Jumamosi ile, jirani alipokwenda zake, nilimalizia. Chupa ya baba inafanya kazi vizuri mno, pedali imekuwa ngumu, na gari linasimama pale pale unapolitaka. Kazi yote, kuanzia gurudumu la kwanza hadi la nne, imeisha bila mtu kumsemesha mwenzake.