Mabega Mawili ya Koti la Bwana Afya

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifika karakana ya ushonaji ya Kasulu kabla mlango haujafunguliwa. Msimamizi wetu, mama ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alinipa kikopo cha pini na kipande cha kaki.

"Mwana wanje, mwanangu, kitambaa ni kama mbuzi," alisema. "Usipokifunga, kinakwenda."

Tulishona sare za shule. Kila mshono tuliubana kwanza kwa pini, ndipo uende kwenye cherehani. Nyota njema huonekana asubuhi, na yangu haikuchelewa: kwa miaka mitatu hakuna aliyenishinda kwa pindo lililonyooka. Nasema hivyo bila aibu.

Kisha nikahamishiwa Kibondo. Wakimbizi walikuwa wengi wakati ule, na barabarani walijaa madereva, walinzi na watu wa afya, wote wakishinda kwenye mvua. Karakana ya huko ilikuwa na meza ya makoti tu: zipu zilizong'oka, mikono mirefu ya kupunguza, na bitana, yaani kitambaa cha ndani, iliyochanika. Fundi Mkuu alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Binti, makoti ni kazi ya wanaume. Nakupa mwezi mmoja. Likivuja hata moja, unarudi Kasulu kwenye sare zako."

Niliogopa sana. Nyumbani nilikuwa nimeshaaga kwa mbwembwe, na kurudi ingekuwa fedheha.

Wiki ya pili alikuja Bwana Afya, ofisa aliyezungukia vijiji kwa pikipiki. Koti lake la mvua lilikuwa zito, limepakwa mpira, nalo lilimpwaya mabegani. Alitaka lipunguzwe siku hiyohiyo, maana kesho yake alikuwa anakwenda Mabamba. Nikalibana kwa pini kama nilivyofundishwa, nikashona, nikazichomoa. Nilipoliinua dirishani, mwanga ukapenya kwenye vitundu, mstari mzima kila bega. Pini ikitoka kwenye kaki, nyuzi hurudiana. Mpira ukishatobolewa, umetobolewa.

Vitundu vilikuwa vidogo na ningeweza kunyamaza. Lakini nilimfikiria yule baba juu ya pikipiki, maji yakimteremka mgongoni kutwa nzima. Aliporudi kuulizia koti lake, nikamwambia.

"Bwana Afya, koti lako nimelitoboa kwa pini."

"Sasa, dada, mvua ya Mabamba unaijua?"

"Naijua. Nipe mpaka saa kumi."

Fundi Mkuu alisikia yote. "Funga mizigo," akasema.

"Nitafunga saa kumi," nikamjibu, na mpaka leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Nilichukua koti kuukuu la mvua lisilofaa tena, nikakata vipande viwili vya kufunika mabega toka kwenye kola hadi chini ya vitundu. Safari hii nilivishika kwa vibanio vya kuanikia nguo. Uzi niliupitisha kwenye nta ya nyuki, ambayo huku kwetu haina shida kuipata, na nilipomaliza kushona nikaisugua nta ileile juu ya mshono na kuisogezea pasi ya mkaa kwa mbali ili iyeyuke. Saa kumi nikalivaa koti mwenyewe, nikamwomba Fundi Mkuu animwagie ndoo nzima ya maji. Aliimwaga kwa furaha kubwa kuliko ilivyohitajika. Nikalivua, nikampa aipapase bitana.

Ilikuwa kavu. Aliguna tu, akaenda zake.

Bwana Afya alirudi baada ya siku nne na kusema wenzake walikamua nguo njia nzima, yeye hakukamua hata soksi. Wiki iliyofuata wenzake hao wakaja na makoti yao. Yalikuwa mapya, bado yananuka duka, hayana hata mchubuko. Walitaka yatiwe mabega mawili, bega juu ya bega, kama lile. Kazi ikawa nyingi mno, mpaka siku moja Fundi Mkuu akavuta kigoda karibu yangu. "Dada," akasema, "hebu nionyeshe hiyo nta unaipitishaje."

Sasa nimestaafu, na tundu la sindano silioni bila miwani. Mafundi wa leo wakinisifu kwa mabega mawili, huwaambia ukweli kwamba kilikuwa kiraka. Najivunia kiraka hicho kuliko mapindo yangu yote yaliyonyooka. Mapindo nilifundishwa na mtu. Mabega yale niliyapata siku niliyosema, mbele ya mwenye koti, kwamba nimelitoboa.