Mwanamke wa Kwenye Picha

Jamani, leo nimeona haya hata sijui nitamtazamaje shangazi yangu.

Mwajua natembeza wageni kwenye nyumba ya makumbusho hapa Kibokoni. Kuna picha ya zamani ya mwanamke akishona kofia. Haina jina, nami huwaambia wageni alikuwa mtumishi wa tajiri mmoja.

Nilitunga tu. Walipenda!

Leo shangazi kaja kunitembelea kazini. Nikaanza hadithi yangu. Akaisogelea ile picha.

"Mtumishi wa nani, mwanangu? Huyu ni mama yangu. Nyanya yako."

Wageni wakanigeukia. Nikakiri uongo wangu, nikawataka radhi.

Mmoja akauliza, "Aliitwa nani?"

Alikufa kabla sijazaliwa. Nyumbani twamtaja "nyanya" tu.

Nikainamisha kichwa. Shangazi ndiye aliyejibu.

Nyinyi, majina ya nyanya zenu mwayajua?