Swichi Zilizokula Chumvi

Ipo picha ya harusi ya shemeji yangu, iliyopigwa Ukunda, ambayo mke wangu hakubali itundikwe ukutani. Wanaume wote wamevaa kanzu. Mimi peke yangu nimevaa fulana ya kijani yenye nembo kubwa ya kampuni inayotengeneza swichi za mtandao, na chini ya nembo pameandikwa kwamba mimi ni mtaalamu aliyeidhinishwa. Fulana hiyo nilipewa nilipofaulu mtihani wa kampuni hiyo Mombasa. Nilifaulu mara ya tatu, lakini hilo fulana haikulisema.

Kwa asiyezijua, swichi ni sanduku bapa lenye matundu mengi. Waya za kompyuta, simu za mezani, kamera na waifai huchomekwa humo, na sanduku ndilo linalojua ujumbe wa nani uende kwa nani. Kampuni zinazozitengeneza ni nyingi na kazi ya swichi zao kwa jumla ni moja, ila kila kampuni ina amri zake za kuliongoza sanduku lake. Mimi nilikuwa nimesomea amri za kampuni moja tu, nikaipenda kama watu wanavyopenda timu ya mpira. Mke wangu alikuwa akiwaambia jamaa zake kwamba ameletewa mke mwenza, na huyo mke mwenza ana matundu ishirini na nne.

Miezi michache baada ya mtihani nilipata kazi katika hoteli moja ya Diani, iliyo ufukweni kabisa. Nilichukua nafasi ya mama mmoja aliyekuwa fundi wa mtandao hapo kwa miaka mingi, ambaye alikuwa amestaafu na kurudi kwao Gazi kufuga nyuki. Sikuwahi kukutana naye. Nilikutana na kazi yake tu, na siku ya kwanza nilipoizungukia nilisikitika kwa sauti ili wenzangu wanisikie. Swichi zake zilikuwa ndogo, rangi ya maziwa, za kampuni ambayo sikuwa nimeisikia. Alikuwa ameziweka ndani ya makasha ya plastiki yenye mpira kwenye kingo, moja kwenye baa ya ufukweni, moja kwenye banda la wapiga mbizi, nyingine mkahawani, na kadhalika, nane kwa jumla. Ndani ya kila kasha alikuwa ametia vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nikawaambia wahudumu wa baa kwamba mama wa watu aligeuza mtandao wa hoteli kuwa makopo ya biskuti. Walicheka. Nilifurahi sana walivyocheka.

Wiki ya tatu nilimwomba meneja anipe nafasi nieleze kwa nini hoteli ibadilishe kampuni ya swichi. Meneja alikuwa mama wa Kidigo kutoka Waa, mtu wa sauti ya chini, aliyeanza kazi hapo kwenye chumba cha kufulia mashuka. Nilitayarisha maelezo ya kurasa kumi na tano na kuyaonyesha ukutani. Nilizungumzia kasi, usalama, mashirika makubwa ya dunia, na siku za usoni. Nilitumia maneno ya Kiingereza kila nilipoona Kiswahili kitanifichua. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameiweka mezani.

"Hizi tulizo nazo zina ubaya gani, fundi?" akauliza.

Swali lile sikuwa nimelitayarishia ukurasa. Nikamjibu kwa dakika kama kumi, na hata leo siwezi kukumbuka nilisema nini. Akaniuliza kama nilikuwa nimezungumza na yule mama aliyezifunga. Nikasema haina haja, teknolojia imemwacha nyuma. Akasema mwenye hoteli anataka ukumbi wa mikutano uwe na mtandao mzuri, na kama mimi nina hakika, basi nibadilishe.

Sasa naweza kusema ukweli ambao siku ile nilikuwa nimejifichia hata mimi mwenyewe. Swichi zile hazikuwa na ubaya wowote. Ubaya ni kwamba nilipojaribu kuziamrisha, sikuzijua amri zake, na kila nilipokwama nilifunga mlango nisionekane. Niliiomba hoteli nzima ibadilike ili ifanane na cheti changu.

Nilizifunga swichi mpya kwa siku mbili, nikiwa na fulana yangu. Zilikuwa za chuma, kubwa, zenye taa za kupendeza na feni mbili nyuma. Hazikuingia kwenye yale makasha ya plastiki, nami nikaona hilo ni dalili ya ubora, nikazipigilia ukutani wazi wazi kila mtu azione. Vifuko vya chembechembe nilivitupa. Zile swichi za zamani nilizitia kwenye gunia nikazipeleka stoo zisubiri kutupwa. Mtandao ukaenda vizuri. Kwa miezi kadhaa nilitembea pale hotelini kama aliyejenga ukuta wa kuzuia bahari kwa mikono yake.

Upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, swichi ya baa ya ufukweni ikazimika wakati wa chakula cha mchana. Mashine ya kutoa risiti ikagoma, wageni wakaandikiwa oda zao kwenye vitambaa vya karatasi. Nikasema ni umeme. Siku nne baadaye ikafa ya banda la wapiga mbizi. Nikasema ni kima, kwa sababu kima wa Diani wamezoea kusingiziwa. Ilipokufa ya mkahawani nilimlaumu mama anayepiga deki, kwamba anarusha maji, naye akaniambia kwa adabu kwamba swichi iko juu ya kichwa chake na yeye hupiga deki chini. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mkutano ukumbini. Swichi iliyolisha ukumbi ilizimika katikati ya hotuba ya mgeni aliyekuwa akizungumza na washiriki kwa video kutoka nje ya nchi. Alibaki pale ukutani amefungua mdomo, hajaufunga, watu sitini wakimtazama, na mimi nikipanda ngazi mbele yao nimevaa ile fulana ya nembo.

Niliwaandikia waliotuuzia. Wakataka picha, nikawapelekea. Jibu lao lilikuwa fupi: dhamana haihusu vifaa vilivyowekwa mahali penye hewa ya chumvi, kama kilivyoeleza kitabu cha maelekezo. Nilikifungua kitabu. Ukurasa wenyewe nilikuwa nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu, nilipokuwa nikijitayarisha kwa mtihani mara ya pili.

Siku iliyofuata nilichukua swichi moja iliyokufa, nikaitia mkobani, nikapanda gari la kwenda Gazi. Kwanza nilivua fulana. Niliulizia nyumba ya mama aliyekuwa fundi Diani nikaonyeshwa mara moja. Nilimkuta uani akitengeneza kifuniko cha mzinga, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya nyumbani, wazee, mke, watoto, na mwishowe hoteli. Nikajitambulisha kwamba ni mimi niliyechukua nafasi yake. Akasema anajua, habari za makopo ya biskuti zilikwisha fika Gazi. Natamani ningeweza kusema alikasirika. Alinipa kiti na chai ya tangawizi, na hiyo ikaniumiza zaidi.

Nilipoitoa swichi mkobani aliigeuza mara moja akatazama nyuma.

"Umeifungua?" akauliza.

Nikasema bado. Ukweli ni kwamba sikuwahi kufungua swichi yoyote maishani mwangu. Nilikuwa nimefundishwa kuziamrisha tu. Akatoa bisibisi ile ile aliyokuwa akifungia mzinga, akatoa skrubu nne, akaninyooshea. Ndani mlikuwa mmejaa kutu nyeupe na kijani. Feni zilikuwa zimeganda kwa chumvi na mabawa ya wadudu, na pale miguu ya vile vidude vidogo inapogusana na bamba palikuwa pameliwa, kama bati la choo cha ufukweni.

"Hii inapumua, mwanangu," akasema. "Na pale baa, anayepumua anavuta bahari."

Kisha akanieleza, huku akiendelea na mzinga wake. Alisema yeye mwenyewe alibadilisha kampuni mara tatu katika miaka yake pale. Swichi za kwanza zilikuwa nzuri, lakini duka lililokuwa likiuza vipuri vyake Mombasa lilifungwa, na ikawa kikiharibika kitu kidogo hoteli hungoja wiki nzima. Akahamia kampuni nyingine. Hiyo nayo ikaja na mtindo wa kulipia ruhusa kila mwaka ili sanduku liendelee kufanya yale yale liliyoyafanya mwaka uliopita, na mwenye hoteli akachukia. Ya tatu hakuiacha kwa kosa lake lolote. Aliyeijua ni fundi mwenziwe tu, na mwenziwe alihamia Vanga, kusikopatikana hata simu vizuri. Ndipo akatafuta sanduku lisilo na feni, linaloweza kufungiwa ndani ya plastiki lisife kwa joto, akalikuta ni la ile kampuni niliyoicheka.

Nikamuuliza kama aliipenda.

"Siipendi," akasema. "Maandishi yake madogo mno, nilikuwa nikisoma kwa tochi. Lakini mimi sikuwa natafuta mchumba."

Nilikuwa nimekuja na hoja mbili tatu za kujitetea, nikaona nizinywe pamoja na chai.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa meneja. Sikuchukua kompyuta wala kurasa. Nilimwambia kwamba swichi nilizozileta hazifai kwa ufukweni, kwamba za mwanzo zilifaa, kwamba sikumuuliza aliyejua, na kwamba nilizibadilisha kwa sababu nilizijua hizi na sikuzijua zile. Sentensi ya mwisho ilitoka kwa shida. Nilikuwa tayari kuambiwa nikusanye vyangu.

Meneja aliinuka akachukua funguo, akaniashiria nimfuate. Tulipita jikoni, tukapita chumba cha kufulia, hadi stoo ya mashuka. Kwenye rafu ya chini, swichi zote nane za zamani zilikuwa zimefungwa kwenye foronya zilizochakaa, makasha yake ya plastiki kando yake.

"Kitu ambacho hakijaharibika sikitupi," akasema. "Ila ulikuwa na hakika sana, fundi. Nikaogopa kubishana na hakika ya mtu aliyesoma."

Nilimwomba radhi. Akaipokea, akanipa mpaka Jumamosi niwe nimezirudisha.

Ningependa kusimulia kwamba nilizirudisha mwenyewe. Nilijaribu swichi ya kwanza asubuhi nzima, nikiandika amri za kampuni yangu nayo ikinijibu kwamba hainielewi. Adhuhuri nikapiga simu Gazi. Mama alikuja kesho yake, akasalimiana na kila mtu kuanzia langoni, na kwa siku mbili yeye alikuwa fundi nami nikamshikia ngazi. Kila alipomaliza moja alinifanya niirudie mwenyewe tangu mwanzo, akinisimamia, na nilipokosea alikohoa tu. Wahudumu wa baa walikuja kuangalia. Safari hii walicheka bila mimi kuwasaidia. Yule mama wa deki alituletea maji ya kunywa, akampa mama wa Gazi kwanza, kisha akanitazama kidogo kabla hajanipa mimi.

Tulizirudisha zote. Swichi nne za kampuni yangu zilizobaki hai tulizihamishia chumba cha ndani chenye kiyoyozi, ambako hewa ni kavu, na huko zinafanya kazi vizuri mpaka leo. Kampuni haikuwa na kosa. Mama wa Gazi ndiye aliyetaka nilikumbuke hilo, maana aliona nimeanza kuitukana kwa juhudi zile zile nilizoisifia.

Tangu wakati huo mimi huitwa mara kwa mara na wenye biashara za huku kusini wanaotaka kuhama kampuni moja ya swichi waende nyingine. Huwauliza maswali mengi kuliko wanavyopenda: nani atairekebisha fundi asipokuwepo, kipuri kinapatikana wapi, sanduku litakaa wapi, na hili ulilo nalo limekukosea nini. Watu wengi hukosa jibu la swali hilo la mwisho, kama nilivyolikosa mimi.

Mwezi uliopita niliitwa Msambweni na bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni. Nilifungua swichi yake kwa bisibisi nikaikuta safi, nikamwambia haina haja ya kubadilishwa. Akanisikiliza kwa heshima, akanikaribisha wali wa nazi na samaki, tukala. Tulipokwisha kunawa akanieleza kwamba ameelewa yote, lakini shemeji yake anayekaa jirani amekwisha badilisha zake, na hizo mpya zina taa za buluu zinazoonekana tangu barabarani.

Nilifikiria nimtolee hotuba. Kisha nikamuuliza anataka taa zielekee upande gani. Nikaifunga swichi mpya mapokezi, mbali na dirisha la baharini, ndani ya kabati lenye mlango wa kioo, taa zionekane na chumvi isiingie.