Ampli Ndogo ya Balagizi

Katika ukumbi tunamosali huku ugenini, pale Lidcombe, upande wa kushoto wa mimbari, kuna nafasi ambayo hakuna anayeweka kiti. Mwimbaji akianza wimbo, sote tunasikia pengo: ule muda mfupi ambao gitaa la Balagizi lilikuwa likimtafuta.

Maana kwetu, watu wa Bukavu tunaosali hapo, gitaa halianzi. Mwimbaji huinua wimbo pale kifua chake kilipoamkia siku hiyo, juu au chini, na mpiga gitaa humfuata akipapasa nyuzi hadi ampate. Balagizi, ambaye siku za kazi alipakia maboksi ghalani, alikuwa bingwa wa kupapasa. Alikosea noti moja, mbili, kisha alikuwa ameshafika.

Majira ya baridi ya 2021 ukumbi ulifungwa kwa sababu ya korona, na ampli ya kanisa ikafungiwa humo. Balagizi alibaki kwenye fleti yake Rooty Hill na gitaa la umeme ambalo bila ampli lilitoa sauti ya ukucha unaokwaruza meza. Kisha papa Murhula, mwanzilishi wa kwaya yetu, akafariki. Mjane wake, mama Emérance, ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu kiongozi. Alimpigia Balagizi simu kutoka Toongabbie.

"Wanasema makaburini watu kumi tu. Kwaya yote itabaki nyumbani. Balagizi, mume wangu atazikwa kimya?"

"Hapana, mama. Tutarekodi. Ataimbiwa."

Aliahidi bila kuwa na kifaa hata kimoja cha kurekodia ila kompyuta yake. Akamtafuta Rodrigue, mwimbaji wetu wa besi, aliyewahi kufanya kazi redioni huko nyumbani.

"Nimeona ampli moja kwenye simu," Balagizi alimwambia. "Kubwa kama friji, na bei yake ni ya kutupa."

"Unataka majirani wakuitie polisi?"

"Si ya kanisa iko kubwa vilevile?"

"Kanisa iko na watu mia. Wewe uko na kitanda na sufuria! Ampli kubwa ukiipiga chini chini, inasinzia. Tafuta ndogo ya mazoezi, ya kubeba kwa mkono mmoja, yenye tundu la hedifoni. Usidanganywe na vifundo vingi vya kuzungusha, sauti moja safi inatosha. Halafu kile kisanduku cha kuunganisha gitaa na kompyuta, cha mkono wa pili. Programu ya kurekodi iko ya bure."

"Na maikrofoni za waimbaji?"

"Simu zao, ndugu. Wajifunike blanketi, mwangwi usiingie."

Vyote viwili alivipata kwa Kubwimana, Mrundi aliyefanya naye kazi ghalani, ambaye aliishi ndani ya zile kilomita tano tulizoruhusiwa kwenda kutoka nyumbani wakati wa korona. Kubwimana aliviweka barazani na kusimama mbali, barakoa usoni.

"Nilitaka kuhubiri mtandaoni," alisema. "Mke wangu akaniambia nianze na watu wa humu ndani."

Balagizi alichomeka gitaa, akazungusha kila kifundo akisikiliza. Kimoja kilikwaruza. Akavichukua hivyo hivyo.

Alirekodi akiwa amevaa hedifoni, akarudia na kurudia hadi hakukuwa na kosa hata moja, kisha akamtumia mama Emérance ili aimbe juu yake. Jibu lilikuja na kikohozi.

"Hiyo gitaa inanivuta kama mbuzi. Sijui niingilie wapi."

Akarekodi tena, juu zaidi, kisha chini. Kila mara sauti ya mama ilikatika ubeti wa kwanza. Siku mbili kabla ya mazishi akasema, "Acha, mwanangu. Tumzike tu kimya."

Balagizi alilaumu ampli. Aliifikiria ile ya ukubwa wa friji. Lakini alipoisikiliza tena kazi yake, akasikia jinsi ilivyokuwa safi, na kwamba humo ndani hakuwa akimtafuta mtu yeyote. Alikuwa amemwacha mjane aje kumtafuta yeye.

"Mama, futa zote," alimwambia. "Imba wewe kwanza. Peke yako."

"Kwa sauti gani?"

"Ile utakayoamka nayo."

Aliimba jikoni kwake asubuhi. Katikati alifungua bomba, akanywa maji, akaendelea. Sauti yake ilikuwa imeangukia mahali pasipo na jina, kati ya noti na noti, na Balagizi akalegeza nyuzi zote ili amfikie. Sisi wengine tukaongeza sauti zetu, kila mtu chini ya blanketi lake. Rodrigue alipounganisha, alitaka kukata zile noti za mwanzo zilizokosewa. Balagizi alikataa.

Siku ya mazishi tulitazama kwenye simu. Spika iliwekwa kwenye nyasi. Sauti ya mama ilitoka peke yake, naye amesimama kando ya kaburi, kimya. Kisha gitaa likaingia, likakosa, likakosa tena, likampata. Mama Emérance akainua mkono, kama alivyozoea kutuashiria ubeti wa pili, nasi tukaingia.

Balagizi sasa anaishi Toowoomba, safari ya siku nzima kwa gari kutoka Lidcombe, na anafanya kazi katika kiwanda cha nyama.