Taa ya Mkanda wa Abiria

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, sijanywa kitu isipokuwa chai. Naomba ulijue hilo mapema, kwa sababu mimi ni mtu wa kutafuta sababu ya kila jambo. Gari likikohoa, nafungua boneti. Taa ikiwaka kwenye dashibodi, nasoma kitabu cha gari mpaka nijue inasema nini. Nyekundu, simama. Ya njano, nenda polepole ukamwone fundi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijisomea mwenyewe huko Dubai, miaka ile nguzo za metro zilipokuwa zinasimamishwa.

Nilikuwa msimamizi wa walinzi kwenye maghala ya Jebel Ali, zamu ya usiku. Nilikaa Al Nahda, chumba cha kugawana na Wafilipino wawili na Mnepali mmoja, watu wazuri wasiojua neno la Kiswahili. Mke wangu, Mama Njeri, alikuwa Nakuru na watoto. Gari nililonunua, kuukuu lakini zima, la viti saba, nililinunua kwa ajili yao. Walikuwa waje kuishi nami. Hilo ndilo lililonifanya niamke, nile, nilale.

Okello, Mganda niliyefanya naye kazi, hakuacha kunitania. "Boss, viti saba, nafar mmoja," alisema. Nafar, katika Kiarabu chetu cha kazini, ni mtu. "Hivyo vingine umewawekea majini?"

Nilicheka. Ningefanya nini?

Asubuhi moja ya Ijumaa, wakati wa baridi, nilitoka kazini ukungu ukiwa mzito. Nilichukua barabara ya nje, ile ya jangwani, kuzikwepa ajali za mjini. Njiani taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilitoka barabarani, nikazima injini, nikawasha taa za hatari. Nikasubiri oili ishuke, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imejaa vizuri. Nikaingia ndani na kuwasha gari. Taa ile ilizimika kama kawaida.

Hapo ndipo niliposikia, upande wa pili wa kioo, "Hodi."

Fikiria kidogo. Kule hakuna anayepiga hodi. Watu hubonyeza kengele, au hukupigia simu wakiwa chini ya jengo. Sikuwa nimelisikia neno hilo tangu niondoke nyumbani. Wewe ungejibu nini? Mdomo wangu ulijibu kabla sijageuza shingo.

"Karibu."

Taa ya mlango ikawaka, kisha ikazima. Mzee alikuwa ameketi kando yangu, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, mikono juu ya magoti. Alinukia nguo zilizokaa sandukuni muda mrefu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya watu wa Unguja.

"Nipeleke Hamriya, mwanangu. Nina mzigo wangu nataka kupakia."

Hamriya ni bandari ya majahazi yanayopeleka bidhaa kwetu. Haikuwa mbali sana na njia yangu, na nitasema ukweli, nilifurahi kusikia Kiswahili ndani ya gari lile. Nikaondoa gari. Kengele ya mkanda ikaanza kulia, na ile taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyefungwa mkanda ikawaka upande wake.

"Gari lako linalia," alisema.

"Ni mkanda, mzee. Ufunge ndipo linyamaze."

"Mimi nimeshafungwa, mwanangu. Mtu hafungwi mara mbili."

Nilidhani ametoka jela; wakati ule sikufikiria sanda. Niliona haya kuuliza, nikafunika mambo kwa kuongeza sauti ya redio. Kengele ilichoka yenyewe. Taa haikuzima.

Tulifika karibu na lango la bandari, ukungu ukiwa umeshuka mpaka chini ya magurudumu. Alifungua mlango. Taa ya mlango ikawaka. Alitoa mguu mmoja nje, akageuka.

"Ahsante, mwanangu."

"Karibu," nikasema.

Kwetu bara ndivyo tunavyojibu. Mtu akishukuru, unamwambia karibu, basi, yameisha. Lakini yule mzee alinitazama kama mtu aliyepewa kitu asichotarajia.

"Kweli?"

Nilikuwa naangalia kioo cha pembeni, lori lilikuwa linakuja nyuma yangu. "Kabisa, mzee," nikajibu.

Mlango ulifungwa. Nilipogeuka nimuage, kiti kilikuwa kitupu. Nilishuka, nikazunguka gari, nikaita. Hakuna mtu, hakuna nyayo kwenye mchanga uliolowa umande. Nikarudi ndani. Taa ya mlango ilikuwa imezima. Taa ya mkanda wa abiria ilikuwa inawaka.

Niamini, sikukimbilia kuogopa. Nilianza na yanayojulikana. Niliangalia kama kuna kitu kizito kitini, nikachomoa waya zilizo chini yake, nikazisafisha na kuzirudisha. Taa ikawaka. Nikaenda gereji, mpakani mwa Dubai na Sharjah, kwa fundi Mpakistani niliyemwamini. Aliunganisha mashine yake, akabadilisha sensa ya kiti, akajaribu tena. Mwishowe alijifuta mikono.

"Sadiq, sensa zen. Mashine inasema fi nafar."

Yaani, rafiki, sensa ni nzima, ila kuna mtu.

Kisha yakaja mambo ya mafuta. Mimi hupima matumizi kwa njia moja tu: najaza tangi, natembea njia ileile, upepo wa matairi uleule, najaza tena. Uzito wa mtu mmoja hauonekani katika kipimo hicho. Lakini gari lilianza kula mafuta kama lililobeba shehena, na nyuma liliinama kidogo, kana kwamba ule mzigo wake nao umo. Nilibadilisha plagi na kichujio cha hewa. Halikubadilika.

Je, nilikuwa na hofu? Mwanzoni, ndiyo. Baadaye nilijikuta namsalimia kila niingiapo, namweleza habari za kazini, za watoto. Hakujibu kamwe. Taa tu iliendelea kuwaka, na kwa muda fulani hilo lilinitosha.

Kisha viza ya Mama Njeri ikatoka. Angekuja peke yake kwanza, aone mahali, arudi kuwachukua watoto. Nikatazama kile kiti. Kilikuwa cha Mama Njeri, na tayari kina mtu. Ningemweka wapi mke wangu?

Nilikwenda Al Baraha kwa Bi Salma, mama wa Kizanzibari aliyezaa na kupata wajukuu mjini humo, ambaye aliwapikia watu wetu siku za Ijumaa. Nilimsimulia yote. Alisikiliza akichuja tui, na nilipofika pale langoni aliweka chujio chini.

"Ehe, alikwambia ahsante. Nawe ukamjibuje?"

"Nikamwambia karibu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyie watu wa bara nyie. Mtu anakuaga, wewe unamwambia aingie? Karibu ni ingia, baba. Mgeni wa watu kaambiwa akae, kakaa. Ana kosa gani?" Kisha hakucheka tena. "Mrudishe palepale. Akikushukuru, sema haya, safari njema. Basi. Meno yako yafunge."

Nilimrudisha jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya majengo. Nilisimama palepale, nikazunguka, nikamfungulia mlango mwenyewe kama anavyofunguliwa mtu wa heshima. Sikuona kitu. Niliona tu gari likiinuka nyuma, polepole. Halafu, karibu kabisa na sikio langu, "Ahsante, mwanangu."

Neno lilikuwa tayari ulimini. Nikaling'ata.

"Haya, mzee. Safari njema."

Nilipoingia ndani, taa ilikuwa imezima. Niliwasha gari, nikaondoka. Gari lilikuwa tupu namna ambayo halikuwa limewahi kuwa.

Mama Njeri alikuja. Aliketi kiti chake, taa ikawaka, akafunga mkanda, ikazima, nami nikacheka peke yangu, akaniuliza nacheka nini. Siku zake zilipokwisha nilimpeleka uwanja wa ndege. Mlangoni alichukua begi mkononi mwangu.

"Asante kwa kila kitu, Baba Njeri."

Nilikuwa nimeshajizoeza. "Haya," nikasema. "Safari njema."

Alinitazama kidogo, akaenda. Hawakuhamia kwangu. Kwanza sababu ilikuwa shule za watoto, kisha mama yake akaugua, kisha tukaacha kulitaja jambo hilo. Mara moja kwenye simu aliniuliza, kama utani, "Mbona siku ile hukunikaribisha tena?" Nikamuuliza habari za shule. Kumweleza ungeanzia wapi?

Gari bado ninalo. Halina tatizo, linakula mafuta kidogo kuliko kitabu kinavyosema. Kwa hiyo nakusihi, ukisikia hodi mahali pasipo na nyumba, tazama uso kwanza. Na mtu wako akikushukuru akiwa mlangoni, begi mkononi, mwambie karibu. Mwambie hata mara mbili, asikie.