Tabaka la Chini la Likembe

Siku ya kwanza nilipofika kwenye redio yetu ndogo hapa Kindu, sikwenda kuomba kazi ya nyaya. Nilikwenda na likembe kwapani, kile kisanduku chenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, shati limepigwa pasi, maana Mkurugenzi alikuwa anatafuta mpigaji mmoja wa kufungua vipindi vya asubuhi. Tulifika wawili tu. Mwenzangu aliitwa Amisi, kijana kutoka ng'ambo ya Lualaba, amevaa kandambili, na kisanduku cha likembe yake kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya baiskeli. Nilimtazama nikacheka kimoyomoyo.

Mkurugenzi alinisikiliza mimi kwanza, akatikisa kichwa kwa adabu. Kisha akamsikiliza Amisi, akavua miwani.

"Weye utapiga," akamwambia. Halafu akanigeukia. "Na weye, Ramazani, uko na akili ya mikono. Utashika mikro na nyaya. Kazi ya kweli njo ile." Kwetu Kindu, "njo" ni "ndiyo".

"Ndiyo, Shefu," nikajibu, nikatabasamu. Tabasamu hilo nililivaa kazini mpaka nilipostaafu.

Kazi nilifundishwa na Mkuu wa Studio, mama mmoja mzaliwa wa Kalima ambaye sote tulimwita Mama Shefu. Ukutani tulikuwa tumebandika sponji za godoro kuukuu na trei za mayai ili chumba kisirudishe mwangwi. Alinifundisha kuweka mikro shibiri moja kutoka kwenye chombo, na kabla ya kurekodi lolote, kurekodi kwanza ukimya wa chumba chenyewe, ili ujue kelele yake ya kawaida. Alikuwa mkali. Ukikata neno la mtu vibaya kwenye utepe, ulilirudia mbele ya wote.

Vita vilipokuja, treni ilikoma na ndege zikawa za kuhesabika. Nilitumwa Kalima kwa baiskeli kutengeneza antena, nikarudi, na muda mfupi baadaye mji ukazingirwa. Hatukuweza kwenda mashambani. Tulikula majani. Ngoma zilinyamaza, maana sauti yoyote ilileta watu wenye bunduki mlangoni.

Hapo ndipo watu wa Kindu walipoanza kupiga likembe ya ndani. Unakunja kitenge mara nne, unakiweka chini ya kisanduku, na badala ya kugusa vyuma kwa ukucha, unavigusa kwa nyama ya kidole gumba. Sauti haivuki ukuta. Wengi walijaribu, lakini aliyeweza kweli ni Amisi. Mchana, mapazia yameshushwa, tuliketi kwake bega kwa bega, watoto kwa wazee, na hakuna aliyekohoa. Nami nilikwenda. Nasema kweli: nililia, na nilipomaliza kujifuta machozi nilimchukia.

Angenichukia na yeye ingekuwa nafuu. Lakini aliniita yaya, kama kaka yake mkubwa, na akipata kipande cha muhogo alinimegea.

Njia zilipofunguka kidogo, studio ilipata kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine, yenye programu ya ala za kigeni: piano, tarumbeta, vinanda. Ninyi vijana wa studio mnaijua kazi ya kuingiza ala kwenye kompyuta, ila mnaikuta imeshafanywa. Maktaba ya sauti ni hivi: kila noti ya ala inarekodiwa peke yake, inapunguzwa mwanzo na mwisho, inapachikwa kwenye kibodi. Na kila noti hurekodiwa kwa nguvu mbalimbali, kila nguvu ni tabaka lake. Ukibonyeza kwa nguvu, kompyuta inachukua tabaka la juu. Ukibonyeza polepole, la chini.

Amisi alikuwa anajiandaa kuhamia Lubutu kwa watu wa mke wake. Mama Shefu akasema, "Kabla hajaenda, turekodi likembe yake yote, chuma kwa chuma. Redio isibaki bubu."

Ilituchukua majuma matatu, mimi na Amisi chumbani. Matabaka matatu: la juu kwa ukucha, la kati, na la chini kwa nyama ya kidole, kitenge chini ya kisanduku. Tulisubiri jenereta izimwe, tukasubiri majogoo wa jirani wachoke, ndipo tukarekodi kwenye kaseti kwa mashine ya betri.

"Yaya," aliniambia siku moja, "ile ya chini usiikate mapema. Mwisho wake, pale njo miye mwenyewe niko."

Nilimwelewa vizuri kuliko mtu yeyote.

Tulipomaliza, Amisi akaondoka. Nilipoanza kupachika noti, kumbukumbu ya kompyuta ikajaa.

"Toa tabaka moja," Mama Shefu akasema. "Weye njo unajua ya kutoa."

Fundi yeyote anajua jibu. Unatoa la kati, kwa sababu la kati unaweza kulidanganya kwa kupunguza la juu. La chini huwezi. Ukucha ukipunguzwa sauti haugeuki nyama.

"Nitoe la chini," nikasema. "Iko na kelele ya mvua."

"Kelele mingi?"

"Mingi, Mama."

Hakukuwa na mvua. Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye kazi yake, kwa kuwa aliniamini. Siku ileile nilichukua kaseti ya tabaka la chini na kurekodi juu yake tangazo la chanjo ya surua. Nakumbuka nilikula vizuri jioni ile.

Mwaka haukupita, msafiri akaleta habari kutoka Lubutu kwamba Amisi ameugua na amezikwa. Nilihudhuria matanga ng'ambo ya mto, nikatoa pole, nikapokea pole. Wanawake walinishika mkono wakisema nimempoteza mdogo wangu.

Maktaba ile ilisafiri. Ilitoka kwenye kompyuta hadi kwenye diski, kutoka diski hadi kwenye flashi. Nilipotumwa kwenye mji wa Kama kufungua kituo kidogo, nilikuta wachimba dhahabu wanaicheza. Kwaya zinaitumia, hata kaswida za vijana wetu. Na wote, wote kabisa, wanaiita "likembe ya Amisi". Aliyekaa majuma akikata noti kwa jicho na sikio ni nani? Siku niliyopandishwa cheo kuwa Mkuu wa Studio, kwenye sherehe yangu mwenyewe, walipiga likembe ya Amisi! Nikapiga makofi pamoja nao. Kizuri chajiuza, walisema, na mimi ndiye niliyekuwa nimekibeba hadi gulioni.

Sasa nimestaafu, na vijana wananiuliza: Mzee, zile maktaba za zamani bado zinafaa? Zenu za leo zina matabaka kumi, na kila noti imepigwa mara nyingi ili sikio lisichoke. Jibu langu la kifundi ni hili. Tabaka la juu la likembe ile bado halijapata mpinzani. Lina chumba ndani yake, lina mtu. Lakini ukibonyeza polepole, linatoka la kati lililopunguzwa, kama mtu anayepiga kelele nyuma ya ukuta. Wanasema, "Ni ya zamani, njo maana." Uzamani hauna kosa hapo. Sauti iliyonaswa kwa moyo safi haizeeki upesi. Ile niliifanyia husuda.

Kiangazi kilichopita alikuja nyumbani Zaina, binti ya Amisi, mtunzi wa muziki, kompyuta mgongoni. Alitaka kutunga wimbo wa miezi ile ya kuzingirwa.

"Baba mukubwa," akasema, "mama alisema baba alipiga ile ya ndani pia mbele ya mikro. Nimeitafuta kwenye flashi zote. Iko wapi?"

Ningeweza kutaja mvua tena. Nilifungua kinywa nikiwa nayo tayari.

"Niliifuta," nikasema. "Hakukuwa na kelele. Nilikuwa na wivu na baba yako."

Alisogeza kikombe chake cha chai pembeni. Kisha akauliza, "Na weye, unajua kuipiga?"

Swali hilo nililingoja tangu siku ya shati la pasi. Miaka yote nilikuwa nikijifunza mpigo ule kisirisiri, mlango umefungwa, hata mke wangu alidhani nimelala. Zaina alikunja kitenge, akaweka mikro shibiri moja, akavaa visikizio. Nilipiga chuma kwa chuma. Sijawahi kupiga vizuri vile. Moyoni nilikuwa nasema, leo nimeingia, leo nimekaa mahali pake.

Alisikiliza yote. Akavua visikizio taratibu.

"Ni muzuri sana, Baba mukubwa. Lakini hii njo weye."

"Haifai?"

"Ingefaa kwa wimbo mwingine. Pa baba nitapaacha wazi."

Akafanya hivyo. Wimbo ulitoka, na katikati yake, pale sauti ya chini ilipotakiwa, kila kitu kinakatika. Kimya kitupu. Mimi fundi ningekiita kosa.

Juma lililopita nilikuwa sokoni, wimbo ukapigwa kwenye spika ya muuza simu. Ulipofika pale penye kimya, mama mmoja wa rika langu, muuza samaki wa kukaushwa, aliacha kupunga nzi. Alifumba macho, vidole gumba vyake vikicheza juu ya kitenge cha mapajani.

"Amisi huyo," akamwambia jirani yake. "Unamusikia?"

"Ninamusikia," jirani akajibu.

Na mimi nilisimama mbele yao, mzima, mwenye mikono yangu miwili, nikamwonea Amisi wivu.